Soketi tatu zimekufa, breka haijakata, testa inawaka matundu yote mawili

kibweta:

Habari wakuu. Naomba mnisaidie kulisoma tatizo hili kabla sijafungua kitu ukutani.

Ni sakiti moja ya soketi, breka ya 20A (ampea 20), waya wa milimita za mraba 2.5, volti 230. Soketi ziko sita, zimefuatana kutoka kwenye boksi la breka hadi chumba cha mwisho. Ya kwanza, ya pili na ya tatu zinafanya kazi. Ya nne, ya tano na ya sita hazitoi kitu: si chaja, si taa ya mezani, si redio. Zilizimika kwa mpigo mmoja, pasi ya wati 2400 ikiwa kwenye ya nne na hita ya wati 2000 kwenye ya tano.

Breka iko juu, RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) iko juu, taa za nyumba nzima ziko sawa. Kinachonichanganya ni testa ya bisibisi. Kwenye soketi nzima inawaka tundu la laivu tu, kama kawaida. Kwenye zilizokufa inawaka laivu na inawaka nyutro pia. Jambo jingine: bamba la soketi ya tatu lina doa la kahawia kwenye kona moja, lakini yenyewe inafanya kazi.

Sasa umeme ukiwa umefika matundu yote mawili, mbona chaja haichaji? Nibadilishe soketi zote tatu? Au breka ndiyo mbovu? Nina mita ya dijitali ya kawaida, bisibisi na plaizi.

ampea_kibao:

Hiyo breka imezidiwa mkuu. Pasi na hita ni wati 4400, na wewe una 20A. Weka ya 32A, pandisha, kazi imekwisha.

MrabaMbiliNusu:

Hapana, hiyo 32A isiguswe. Breka ipo kuulinda waya, haipo kuiridhisha pasi. Kebo ya 2.5 iliyofukiwa kwenye ukuta unaotunza joto hubeba kama 20A tu. Iliyobanwa juu ya ukuta, ikipata hewa, hufika kama 27A. Ukiiwekea 32A kwenye mstari mmoja usiozunguka, yaani waya unaoishia soketi ya mwisho bila kurudi kwenye breka, kebo itaanza kupika ganda lake yenyewe huku breka imekaa kimya. Isitoshe breka ya kibweta haina kosa. Soketi tatu za mwanzo zinakula kwenye breka hiyohiyo. Ingekufa breka, zingekufa zote sita.

Dalili zote zinaelekea mahali pamoja: nyutro imekatika baada ya soketi ya tatu. Laivu inafika mpaka ya sita, ndiyo maana testa inawaka. Nyutro ndiyo haina pa kurudi. Ukiwa umeacha kitu chochote kimechomekwa na kuwashwa upande uliokufa, hata kitaa kidogo, laivu hupita ndani ya kifaa hicho, hutokea upande wa pili, na kuujaza waya wote wa nyutro uliobaki pweke. Testa ikigusa pale inawaka. Hakuna laivu mbili zilizokutana, ni ileile moja iliyozunguka kupitia kifaa ikakosa njia ya kwenda. Chaja ikichomekwa inakuta volti 230 upande huu na 230 zilezile upande ule. Tofauti ni sifuri, na kifaa hula tofauti.

Maana yake ule waya wa bluu, au mweusi kwenye wayaringi za zamani, kwa sasa unaua sawa na wa kahawia. Usiuamini kwa rangi yake.

Anza hivi: chomoa kila kitu kwenye ya nne hadi ya sita, hata ekstensheni tupu yenye kitaa cha kuonyesha. Rudia testa. Upande wa nyutro ukizimika au ukififia sana, tumeelewana. Ila testa usiibebeshe zaidi ya hapo. Inawaka kwa mkondo mdogo mno unaopita mwilini mwako, kwa hiyo waya uliokatika ukilala sambamba na laivu ndani ya bomba moja unaweza kuiwasha hata kama hauna kitu cha maana. Na ukisimama juu ya kitu kikavu kisichopitisha umeme, inaweza isiwake hata kwenye laivu halisi. Hilo la pili ndilo la hatari.

kibweta:

Nimechomoa vyote. Testa kwenye nyutro sasa inawaka kwa kufifia. Nikaweka mita kwenye volti za AC, soketi ya tano: laivu na erthi 231, laivu na nyutro 96, nyutro na erthi 128. Kisha nikachomeka taa ya mezani kwenye ya sita nikaiwasha: laivu na nyutro 0, nyutro na erthi 230. Hizo 96 zinatoka wapi? Ni umeme nusu?

nyuzi_saba:

Hakuna umeme nusu kwenye nyumba, 96 ni kivuli. Mita ya dijitali kwa kawaida ina ukinzani wa omu milioni 10 hivi, kwa hiyo mkondo usiofika mikroampea 10 unatosha kuiandikisha volti 96. Waya wako wa nyutro unaning'inia bila kushika popote, umelala pembeni mwa laivu kwa mita kadhaa, na nyaya mbili zilizolala hivyo ni kapasita. Angalia pia kwamba 96 na 128 hazifiki 231: kila unapoweka mita, mita yenyewe inavuta kile kidogo kilichopo na namba inabadilika. Ulipowasha taa kivuli kikatoweka, ukabaki ukweli: nyutro ya pale imesimama kwenye 230 dhidi ya erthi. Alivyosema MrabaMbiliNusu ndivyo.

Kwa yeyote atakayepita hapa na soketi yake, hesabu zinasomeka hivi, ukiwa na mzigo mdogo umewashwa kwenye sakiti:

Laivu na nyutro 230, laivu na erthi 230, nyutro na erthi kati ya 0 na volti chache: nyaya ziko sawa, tatizo ni kifaa, fyuzi ya plagi, au vibanio vya ndani ya soketi vilivyolegea.

Laivu na erthi 230, laivu na nyutro 0: nyutro imekatika.

Zote tatu sifuri au vivuli tu: laivu haifiki. Breka, au laivu iliyochomoka, au swichi ya soketi yenyewe imeungua ndani.

Laivu na nyutro 230 lakini laivu na erthi inacheza au ni sifuri: erthi imekatika. Hii ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu soketi inafanya kazi na hakuna anayelalamika, mpaka siku bati la mashine ya kufulia likutane na laivu.

Tundu la nyutro lina 230 dhidi ya erthi na la laivu lina 0, na vifaa vinawaka: nyaya zimepishana. Swichi ya soketi inakata upande usio sahihi.

Kuna jambo moja halimo kwenye orodha hiyo na halisubiri. Ukiona taa nyingine zinang'aa kupita kiasi na nyingine zinafifia, au mita inasoma 280, 300, basi iliyolegea ni nyutro kuu inayoingia nyumbani. Kwenye njia tatu za umeme (fezi tatu) volti zinaweza kupanda kuelekea 400 kwenye soketi za kawaida. Shusha meini swichi hapohapo na uwaite wenye mtandao wa umeme. Hiyo si kazi ya bisibisi.

Na kibweta, hizo ncha za mita ulizipitishaje? Kama ulisukuma vifuniko vya ndani vya soketi kwa kijiti kwenye tundu la erthi, usirudie. Kijiti huvunjika, kifuniko hubaki wazi, na mtoto hupata njia. Kuna kipimio cha kuchomeka chenye taa tatu, kinaonyesha nyutro iliyokatika bila kugusa chochote.

meini_chini:

Vipimo vya umeme ukiwa hai vimetosha. Kilichobaki kifanyike sakiti ikiwa imekufa.

Kwanza shusha breka ya sakiti hiyo peke yake, meini bado iko juu. Pima soketi ya sakiti nyingine uone mita inasoma 230. Nenda kwenye ya tatu na ya nne, pima laivu na nyutro, laivu na erthi, nyutro na erthi. Rudi tena kwenye ile soketi hai uone mita bado inasoma. Mita iliyokufa betri katikati ya kazi nayo husoma sifuri, ndiyo sababu ya kurudi. Baada ya hapo shusha meini swichi. Breka ya nguzo moja hukata laivu tu, nyutro inabaki imeungwa na nyutro za nyumba nzima, na kama kuna fundi aliyewahi kuazima nyutro ya sakiti hii kwa ajili ya taa, waya wa bluu utakupiga huku breka iko chini. Meini hukata zote mbili. Kama nyumba ina jenereta, inveta au sola, nazo zizimwe. Bandika karatasi kwenye boksi.

Halafu fungua mbili tu: ya tatu na ya nne. Hii ndiyo kanuni ya mstari usiozunguka. Kosa liko kati ya soketi ya mwisho iliyo hai na ya kwanza iliyokufa. Ya tano na ya sita hazina hatia, ziache ukutani. Na kati ya hizo mbili anza na ile inayofanya kazi. Waya unaoingia ya tatu umeshikwa vizuri ndiyo maana inawaka. Unaotoka kwenda ya nne unaweza kuwa umechomoka kwenye skrubu ileile. Lile doa la kahawia limeshakuonyesha.

Vuta soketi taratibu bila kutoa nyaya, piga picha, kisha shika waya mmojammoja kwa plaizi na uuvute kidogo. Ulioshikwa sawasawa hautikisiki.

Ukiona zote ziko imara, pima waya kwa waya. Chukua waya mrefu wa ziada, unga mguu mmoja wa mita nao. Weka mita kwenye omu 200, gusisha ncha kwanza uandike namba yake, hiyo utaitoa kwenye kila kipimo. Halafu nyutro ya tatu hadi nyutro ya nne, laivu hadi laivu, erthi hadi erthi. Waya wa shaba wa 2.5 una omu 0.0074 kwa mita moja, kwa hiyo mita tano ni 0.04, karibu sawa na kugusisha ncha. Ukipata omu 2 au 3 zinazochezacheza, kuna kiungo kibovu njiani. Ukipata mita imeandika haina mwisho, yaani ukinzani mkubwa usiopimika, umekatika. Kama nyaya zimeshikwa vizuri pande zote mbili na bado haipiti, kuna boksi la kuungia limefichwa katikati au msumari umepita.

kibweta:

Ni ya tatu kweli. Nyutro zake mbili ziko chini ya skrubu moja. Mmoja umetoka kwa kidole. Ganda lake limekuwa gumu na jeusi kama sentimita 2, shaba imepoteza rangi. Skrubu yenyewe haikuwa imelegea, nimeifungua kwa nguvu. Laivu hadi laivu 0.1, erthi hadi erthi 0.1, nyutro haina mwisho. Kama skrubu ilikaza, waya ulitokaje? Na breka mbona haikukata kitu kikiungua hivyo?

MrabaMbiliNusu:

Skrubu ilikaza, ila ilikaza waya mwingine. Nyaya mbili zikiingia kwenye tundu moja bila kulala sambamba, mmoja hupanda juu ya mwingine na skrubu humshika wa juu tu. Au mmoja uliingizwa na ganda lake, skrubu ikakanyaga plastiki. Siku ya kwanza unagusa vya kutosha, soketi zinawaka, fundi anaondoka. Baadaye kila mzigo mkubwa unaipasha shaba moto, inatanuka, inapoa, inasinyaa, na mguso unapungua. Shaba yenye oksidi ina ukinzani mkubwa zaidi, joto linaongezeka, oksidi inaongezeka. Mwisho wake ni ulichokishika mkononi.

Breka haikukata kwa sababu breka haipimi joto la kiungo, inapima mkondo. Wati 4400 kwa volti 230 ni ampea 19.1, na ziko ndani ya 20. Hata zingezidi kidogo, breka za nyumbani zilizotengenezwa kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60898 hazitakiwi kukata kabla ya saa 1 kwenye mara 1.13 ya namba yake, na hulazimika kukata ndani ya saa 1 kwenye mara 1.45. Kwa ya 20A ni 22.6 na 29. Sasa chukua kiungo chenye omu 0.1 tu. Kwa ampea 19.1 kinatoa wati 36, joto la chuma cha kulehemu kikiwa kimefungiwa ndani ya boksi la plastiki. Kikifika omu 0.5 ni wati 180. Na volti zinazopotea pale hazifiki 10, pasi inaendelea kunyoosha nguo. RCD nayo haioni kitu, maana mkondo unaokwenda na unaorudi ni sawa, hakuna unaovuja.

Matengenezo sasa. Soketi ya tatu itupwe, hata kama uso wake unasafishika. Vibanio vya ndani vikishapashwa moto hupoteza ukakamavu, na plagi mpya itakayochomekwa pale italegea vilevile. Kata waya mpaka upate shaba inayong'aa na ganda linalopinda bila kupasuka. Lililokuwa gumu halirudi.

Menya kama milimita 10, ganda likome mlangoni pa terminali, pasionekane shaba nje wala ganda ndani. Usiikate shaba pembeni unapomenya. Waya mzito wa uzi mmoja ukikwaruzwa mzunguko mzima huvunjikia hapo siku unaurudisha ukutani. Nyaya mbili zilale sambamba zikifika mwisho wa tundu pamoja. Terminali yenye waya mmoja tu, ukunje uwe mara mbili. Kaza, vuta kila mmoja peke yake, kaza tena. Waya wa nyuzi nyingi husinyaa baada ya kukazwa mara ya kwanza, ndiyo maana ya kurudia.

Ukikata na waya ukawa mfupi, usiuvute kwa nguvu, utarudi palepale. Ongeza kipande cha 2.5 kwa konekta ya ampea 20 au zaidi ndani ya boksi. Tepu peke yake si kiungo. Boksi likiwa la kina kidogo na nyaya nyingi, weka la kina cha milimita 35 au zaidi. Soketi iliyoshindiliwa kwa skrubu zake mbili huzikamua nyaya zitoke kwenye terminali.

Ukiwa umeshafungua, kaza ya nne pia, na uiangalie. Joto lilitembea kwenye waya.

paa_la_bati:

Samahani kuingilia. Haya ya kuanzia iliyo hai kwenda iliyokufa yanafaa na kwenye sakiti ya mzunguko? Boksi langu lina breka ya 32A na nyaya mbili za kahawia zimeingia hapo. Na mimi tatizo langu ni jingine, RCD inakata hata nikishusha breka zote ndogo.

meini_chini:

Kwenye mzunguko hesabu inageuka. Waya unatoka kwenye breka, unapita soketi zote, unarudi kwenye breka ileile, kwa hiyo kila soketi inalishwa pande mbili. Ukikatika mahali pamoja hakuna soketi inayozimika. Kila kitu kinaendelea, ila sasa waya wa 2.5 upande mmoja unaweza kubeba peke yake ampea 32 zilizokusudiwa kugawanywa na njia mbili. Soketi zikizimika kwenye mzunguko, ujue umekatika mara mbili, na mkato wa kwanza huenda una miaka. Ukishapata mmoja usifunge kazi, tafuta wa pili.

Nyaya mbili kwenye breka hazithibitishi kuwa ni mzunguko. Zinaweza kuwa mistari miwili iliyobanwa pamoja. Meini ikiwa chini, toa laivu zote mbili kwenye breka, nyutro zote mbili na erthi zote mbili, kisha pima ncha kwa ncha. Mzunguko wa mita 60 wa waya wa 2.5 utasoma laivu 0.44 hivi, nyutro karibu sawa kabisa, tofauti isizidi 0.05. Erthi ikiwa ya 1.5 kama ilivyo kwenye kebo nyingi bapa itasoma 0.73. Laivu ikipita na nyutro haipiti, umeshajua rangi ya kutafuta. Mita ya kawaida inababaisha chini ya omu 1, kwa hiyo toa ukinzani wa nyaya zake na bonyeza ncha kwa nguvu.

Hilo la RCD namwachia nyuzi_saba.

nyuzi_saba:

RCD inayokata breka zote zikiwa chini ina mshukiwa mmoja mkubwa: nyutro inagusa erthi mahali fulani. Breka ndogo zinakata laivu peke yake, nyutro za sakiti zote zinabaki zimeungwa kwenye reli yake (chuma cha pamoja ndani ya boksi). Nyutro ikigusana na erthi, sehemu ya mkondo unaorudi hupitia erthi na RCD inaona upungufu. Kama una RCD mbili kwenye boksi, moja ikiwa juu na vifaa vinakula upande ule, hata volti moja au mbili kati ya nyutro na erthi inatosha kuipiga ya pili. Kwa hiyo kushusha breka moja baada ya nyingine hakutakuonyesha sakiti yenye kosa. Inabidi meini ishushwe, uzitoe nyutro kwenye reli moja baada ya nyingine ukiweka alama kila moja na breka yake, na upime ile uliyoitoa dhidi ya erthi.

Kabla ya hapo fanya lisilohitaji bisibisi. Chomoa vifaa vyote ukutani. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi, kwani swichi nyingi hukata laivu tu na kosa la nyutro linabaki. RCD ikisimama, rudisha kimoja kimoja. Wa kwanza kushukiwa ni vyenye koili ya kupashia maji, birika, hita ya maji, mashine ya kufulia. Koili ikipata ufa hunywa unyevu na huvuja zaidi ikishapata moto, ndiyo maana nyingine hukata baada ya dakika kadhaa. RCD ya miliampea 30 inaruhusiwa kukata popote kati ya 15 na 30, na kompyuta, friji na chaja kila kimoja kinavuja kidogo kihalali. Vikijumlika vinaweza kuikata bila yeyote kuwa mbovu.

Ikiendelea kukata ukuta ukiwa mtupu, inahitajika mega (mita inayopima uzima wa ganda la waya kwa volti kubwa): volti 500 za DC kati ya laivu na nyutro zilizounganishwa pamoja dhidi ya erthi, na isipungue omu milioni 1. Mita ya kawaida hupima kwa volti chache za betri, waya uliolowa hujificha hapo. Mtu mwenye mega na leseni amalize hiyo. Soketi za nje na boksi zilizo chini ya paa linalovuja ziangaliwe kwanza.

kibweta:

Nimebadilisha ya tatu, nimekaza ya nne. Meini na breka zikiwa chini na hakuna kilichochomekwa: laivu na nyutro haina mwisho, laivu na erthi haina mwisho, nyutro na erthi haina mwisho. Nimewasha, zote sita zinafanya kazi, kipimio cha taa tatu kiko sawa kote. RCD inakata nikibonyeza kitufe chake. Nimeiwasha ile hita ya wati 2000 kwenye ya sita dakika 20, volti wakati inawaka: ya tatu 228.6, ya nne 228.0, ya sita 226.7. Ya tatu nimeigusa baada ya kuzima, haina joto. Hapo pako sawa?

MrabaMbiliNusu:

Pako sawa. Zinashuka kidogokidogo kadiri waya unavyorefuka, inavyotakiwa. Kibaya ni kuruka: volti 4 au 5 zikipotea kati ya soketi mbili zilizopakana, kiungo kingine kinachemka hapo.

Ila itazame plagi ya pasi kabla hujaichomeka. Pini ikiwa imebadilika rangi, au plastiki inayoizunguka imelainika, ikate uweke mpya yenye fyuzi ya 13A. Ifungue na ya hita pia uone kibanio cha fyuzi; kikilegea kinapika fyuzi na joto linapita kwenye pini hadi kwenye soketi. Na pasi ikae soketi ya kwanza au ya pili, hita ibaki mwisho. Mzigo wa pasi hautapita tena kwenye viungo vya kuanzia ya tatu.